Alama za Ziada Vyuoni: Zatoka Wapi na Zamwendea Nani?

Ni desturi iliyozoeleka katika baadhi ya kumbi za mihadhara. Muhula unakaribia kwisha, matokeo ya jaribio yamebandikwa ubaoni, na nusu ya darasa imeduwaa. Mhadhiri, kwa huruma yake, anatangaza kwamba atakayehudhuria kongamano la Jumamosi na kuandika ripoti ya kurasa mbili ataongezewa alama tano. Ukumbi unashangilia. Hakuna anayeuliza alama hizo zatoka wapi.

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Katika vyuo vya Marekani, ambako utaratibu huu umeenea, mhadhiri kwa kawaida ndiye anayepanga kozi yake, anayetunga mtihani, anayesahihisha na anayetoa gredi ya mwisho. Akitaka kufungua mlango wa ziada, mlango ni wake. Nchini Kenya hali ni tofauti. Katika mfumo wetu, uliorithiwa kutoka Uingereza, alama za mhadhiri ni pendekezo tu. Hupitia bodi za watahini, karatasi za mtihani hukaguliwa na mtahini wa nje, na Seneti ndiyo yenye kuidhinisha matokeo. Alama basi si mali ya mhadhiri hata azigawe kama peremende.

Katika kozi nyingi za sanaa, majaribio ya muhula, yale wanafunzi wayaitayo CAT, huchukua alama 30, na mtihani wa mwisho 70. Alama za ziada ni vigumu kuzipenyeza katika zile 70, kwa kuwa karatasi hizo zitasomwa na mgeni. Huingizwa kimyakimya katika zile 30. Aliyepata 17 anaandikiwa 22. Orodha inapofika mbele ya bodi, hakuna awezaye kutofautisha 22 ya jaribio na 22 ya kongamano.

Je, alama tano zina uzito gani? Inategemea zimemwangukia nani. Aliyekuwa na 52 hupanda hadi 57 na kubaki na C yake. Aliyekuwa na 66 hufika 71, akatoka B akaingia A. Aliyekuwa na 36 huponea kwa 41 na kuepuka mtihani wa marudio, maarufu kama sapu, ambao hata akiupita kwa kishindo, vyuo vingi humwandikia 40 tu. Ni kweli kwamba katika shahada yenye kozi 40, alama tano za kozi moja husogeza wastani kwa moja ya nane ya alama. Lakini kwa mwenye wastani wa 59.9, moja ya nane hiyo yatosha kumvusha kutoka daraja la pili la chini hadi la juu, na huo ndio mpaka ambao idara nyingi huutazama kwanza zinapopokea maombi ya shahada ya uzamili.

Hapo ndipo suala la haki linapojitokeza. Kongamano la Jumamosi lina nauli. Mwanafunzi ambaye mkopo wake wa HELB umechelewa, au anayeshinda dukani mwa mtu kila mwisho wa wiki ili apate kodi ya chumba, hawezi kwenda, hata akitamani. Mama mwenye mtoto mchanga hali kadhalika. Anayehudhuria aghalabu ni mwenye nafasi, ambaye huenda alikwisha kulipita jaribio vizuri. Zawadi iliyokusudiwa kuwainua walioanguka huishia kuwapandisha waliokuwa wamesimama.

Hata hivyo, wanaoitetea desturi hii hawakosi hoja. Jaribio la saa moja hupima kumbukumbu na kasi ya kalamu, na mtu huweza kuamka na malaria siku iyo hiyo. Katika fasihi simulizi hasa, mwanafunzi aliyeketi na nyanyake akarekodi vitendawili kumi pamoja na mazingira ya kuvitega, amejifunza jambo ambalo jaribio la darasani lisingemfunza. (Inasikitisha kwamba kazi ya namna hii huitwa ya ziada, ilhali ndiyo kozi yenyewe.)

Kosa basi halimo katika kumpa mwanafunzi nafasi nyingine, bali katika wakati na namna ya kuitoa. Nafasi hiyo ingetangazwa juma la kwanza, ikaandikwa katika mwongozo wa kozi na kuwekwa ndani ya zile 30, malalamiko mengi yangekwisha. Mathalani, darasa lipewe majaribio mawili na kazi moja ya nyanjani, kila moja kwa alama 15, kisha zihesabiwe mbili zilizofanywa vyema zaidi. Aliyeugua siku ya jaribio atapata pa kujishika. Asiye na nauli atarekodi methali katika soko la mtaani kwake. Na bodi ikiuliza ile 22 ilitoka wapi, mhadhiri atakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Kazi ya kusahihisha itaongezeka, bila shaka, hasa pale darasa linapokuwa na wanafunzi 300, na hilo ndilo pingamizi ambalo wahadhiri hulitoa kwa sauti ya chini. Lakini zile ripoti za kongamano nazo zilikuwa za kusomwa. Ama hazikuwa?