Kentrosauri: Mnyama Mwenye Deraya wa Tendaguru

Mwanafunzi wa Njoro, mjini Moshi, ainuapo macho asubuhi na kukiona kilele cha Kibo, huenda akadhani kwamba anamtazama mzee wa vitu vyote katika nchi hii. Dhana hiyo si sahihi. Mlima Kilimanjaro ulianza kujengwa na volkano yapata miaka milioni 2.5 iliyopita, na Kibo chenyewe ni kichanga zaidi. Lakini kusini mwa nchi, katika kilima cha Tendaguru, kilometa 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, imechimbuliwa mifupa ya wanyama walioishi miaka milioni 150 iliyopita. Kama muda huo wote ungefupishwa ukawa siku moja ya saa 24, Kilimanjaro ungeanza kuchomoza zikiwa zimesalia dakika 24 tu siku iishe.

Miongoni mwa wanyama hao ni kentrosauri, dinosaria mla majani aliyevaa deraya. Jina lake la kitaalamu, Kentrosaurus aethiopicus, alipewa mwaka 1915 na Mjerumani Edwin Hennig. Sehemu ya kwanza ya jina hilo yatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mchokoo, na ya pili ni mjusi. Urefu wake ulikuwa mita 4.5 hivi, na uzito wake ulikaribia ule wa faru mweusi. Kwa dinosaria, hilo si umbo kubwa: katika Tendaguru hiyohiyo waliishi wengine ambao vichwa vyao vingepita paa la nyumba ya ghorofa tatu.

Shingoni na mgongoni kwa mbele alikuwa na mabamba ya mfupa yaliyosimama wima, jozi kwa jozi. Kadiri yalivyoelekea nyongani yalizidi kuwa membamba, hata yakageuka miiba iliyoendelea mpaka ncha ya mkia, mingine ikiwa na urefu uliozidi nusu mita. Zaidi ya hiyo, kila upande wa mwili ulikuwa na mwiba mmoja mkubwa wa peke yake, na huo ndio uliowasumbua wataalamu. Hennig aliuweka nyongani. Baadaye jamaa za mnyama huyu walifukuliwa nchini Uchina wakiwa na mwiba kama huo begani, na wataalamu wengi wakauhamishia huko. Kosa la Hennig si la kushangaza, kwa kuwa mifupa mingi ya Tendaguru ilipatikana imetawanyika.

Kentrosauri alikuwa na kichwa kidogo chembamba na meno madogo. Alikula mimea ya chini, kama vile kangaga na jamii ya mitapo, ambayo hata leo huota pwani. Nyasi hazikuwapo bado duniani. Ubongo wake ulikuwa mdogo mno, na kwa kuwa pingili za nyonga zina uwazi mpana, zamani ilivuma habari kwamba alikuwa na ubongo wa pili kiunoni. Habari hiyo yapendeza, lakini haina msingi. Ndege nao wana uwazi wa namna hiyo, na ndani yake hamna ubongo, bali tishu yenye glikojeni.

Silaha yake ilikuwa mkia. Mwaka 2011 mtaalamu Heinrich Mallison, akitumia vielelezo vya kompyuta, alionyesha kwamba mkia huo uliweza kufagia nusu duara, na kwamba pigo lililolengwa vema liliweza kuvunja mbavu za mnyama mla nyama.

Mwalimu wa Moshi ataulizwa: mbona mifupa kama hiyo haionekani Kilimanjaro? Mfupa huhifadhika ukifunikwa upesi na mchanga au tope, ambavyo baada ya muda mrefu hugeuka mwamba. Miamba ya mlima huu ni lava na majivu ya volkano, nayo ilitokea wakati dinosaria hao wamekwisha kutoweka zamani. Miamba iliyo chini ya lava hiyo ni mikongwe kuliko dinosaria, tena imegeuzwa na joto na mgandamizo. Tendaguru, kinyume chake, palikuwa ukanda wa pwani wenye vijito na maji ya kina kifupi.

Uchimbaji mkubwa ulifanywa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata katika sehemu hizo. Mamia ya wenyeji walichimba, wakafunga mifupa, wakaichukua kichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake liliingizwa katika sayansi mwaka 2007 tu, dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.

Sehemu kubwa ya mifupa ya kentrosauri ilipotea katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kiunzi kilichounganishwa kwa mifupa ya wanyama mbalimbali kinasimama katika jumba la makumbusho huko Berlin, na kingine kimo Tübingen. Mwanafunzi wa Njoro atajipimia kwa kamba ya mita 4.5 iliyonyooshwa uwanjani, akikumbuka kwamba karibu nusu yake ni mkia.