Nani Huitwa Daktari? Elimu, Usajili na Leseni Katika Tiba ya Tanzania

Katika kata ya Mwigobero, mjini Musoma, ambako soko na mwalo wa samaki hukutana ukingoni mwa Ziwa Victoria, neno "daktari" hubeba watu wengi. Huitwa daktari aliyesoma miaka mitano chuo kikuu, na huitwa hivyo hivyo tabibu wa zahanati, muuguzi anayechoma sindano, na hata muuzaji wa duka la dawa. Serikali nayo imehifadhi neno la kale: msimamizi wa zahanati ni Mganga Mfawidhi, na kiongozi wa afya katika halmashauri ni Mganga Mkuu, ilhali mtaani mganga ni yule wa mizizi na ramli. Lugha haina kosa katika hili. Ni heshima ambayo watu humpa yeyote anayewapunguzia maumivu. Hata hivyo, heshima isiyoambatana na maarifa yaweza kumgharimu mgonjwa, kwa kuwa kila mmoja wa watu hao amefunzwa kwa kiasi chake, na sheria imemruhusu kutenda kwa kiasi hicho.

Mfano mmoja watosha. Mama mwenye uchungu pingamizi huvushwa kwa boti kutoka ng'ambo ya Ghuba ya Mara. Akipokewa na mtu anayejua kwamba kazi hiyo imemzidi, atawekewa dripu, ataandikiwa rufaa na kupelekwa haraka panapofanyika upasuaji. Akipokewa na mtu asiyejua mpaka wake, atachomwa sindano na kuambiwa asubiri. Katika uzazi, saa chache za kusubiri ndizo hutenganisha mama na mtoto walio hai na msiba wa watu wawili. Kwa hiyo swali la nani amesoma nini, na nani amempa ruhusa ya kutibu, si la maofisini peke yake. Ni swali la mwaloni, sokoni na kitandani pa mgonjwa.

Ngazi za utabibu

Utabibu nchini Tanzania umepangwa kwa ngazi zinazolingana na ngazi za vituo vyenyewe. Katika zahanati na kituo cha afya, mgonjwa hukutana mara nyingi na tabibu. Huyu amesoma stashahada ya tiba kwa miaka mitatu baada ya kidato cha nne, na amefunzwa kutambua na kutibu magonjwa yanayowapata watu wengi: malaria, nimonia, kuhara, kichocho cha wakazi wa pwani ya ziwa. Juu yake, kwa miongo mingi, alikuwapo daktari msaidizi, yaani tabibu mzoefu aliyerudi chuoni kwa miaka miwili zaidi na kufunzwa pia upasuaji wa dharura.

Kisha yupo daktari mwenye Shahada ya Udaktari wa Tiba, ambaye ndiye daktari kwa maana kamili ya neno. Akiendelea na Shahada ya Uzamili kwa miaka mitatu au minne katika fani moja, kama vile magonjwa ya watoto, upasuaji au uzazi, huwa daktari bingwa. Akizama zaidi katika tawi moja la fani hiyo, kama moyo au figo, huitwa bingwa bobezi. Mgonjwa wa Musoma huweza kupanda ngazi hizi zote kwa rufaa: kutoka zahanati ya mtaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere huko Kwangwa, na ikilazimu, hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, mwendo wa kilomita zipatazo 220.

Kutoka Makerere hadi Muhimbili

Mpango huu haukuanza na nchi. Kabla ya uhuru, kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari ilimlazimu kwenda Makerere nchini Uganda, ambako elimu ya tiba ilianza mwaka 1924, au kuvuka bahari. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikumbusha uzeeni mwake kwamba mwaka 1961 nchi ilipata uhuru ikiwa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Idadi hiyo isingetosha hata kuwapa wakuu wa mikoa ya leo daktari mmoja mmoja.

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 1963, chuo cha tiba cha Dar es Salaam kilipoanzishwa Muhimbili. Mwaka 1968 kikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1991 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Vyuo vingine vilifuata: Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki jijini Dar es Salaam na chuo kilichoambatana na hospitali ya KCMC mjini Moshi, vyote mwaka 1997, kisha Bugando mwaka 2003. Kwa familia za Mara, kufunguliwa kwa Bugando kulikuwa na maana ya pekee: kwa mara ya kwanza mtoto wa Kanda ya Ziwa aliweza kusomea udaktari bila kuiacha kanda yake.

Miaka mitano na mwaka wa utarajali

Safari ya udaktari huanzia sekondari. Mwombaji hutakiwa kufaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha sita. Mlango mwingine ni wa tabibu mwenye stashahada yenye ufaulu wa juu, ambaye naye huweza kuomba nafasi chuo kikuu. Mlango huo haupaswi kudharauliwa, kwa kuwa humleta darasani mtu ambaye tayari ameamka usiku kumhudumia mgonjwa.

Miaka ya mwanzo ni ya misingi: anatomia, yaani umbile la mwili, fiziolojia, yaani namna unavyofanya kazi, na biokemia, yaani kemia ya uhai. Baadaye huja elimu ya vimelea, ya dawa na ya mabadiliko ambayo ugonjwa huyafanya mwilini. Kisha mwanafunzi huingia wodini, akajifunza kusikiliza, kupapasa, kupima na kufikiri mbele ya mwalimu.

Baada ya miaka mitano hupata shahada. Shahada hiyo, hata hivyo, haimruhusu kufungua kliniki. Mhitimu hupewa kwanza usajili wa muda, kisha hutumikia miezi kumi na miwili kama daktari tarajali katika hospitali iliyoidhinishwa, akizunguka idara kuu za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Katika mwaka huo anatibu wagonjwa wa kweli, lakini chini ya jicho la mkubwa wake. Mgonjwa akimwona daktari kijana akimwita mwenzake aje atazame tena, asidhani ameangukia kwa asiyejua. Hivyo ndivyo usalama unavyojengwa.

Kazi ya Baraza

Wahenga walisema mganga hajigangi. Vivyo hivyo, mganga hajipimi wala hajipi ruhusa. Tanzania Bara imelipa jukumu hilo Baraza la Madaktari Tanganyika. Jina hilo huwashangaza wengi, lakini lina sababu: afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina baraza lake. Baraza hufanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, wafamasia wana lao, na tangu sheria ya mwaka 2002 waganga wa tiba asili na tiba mbadala nao wana lao.

Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Usajili ni kuingizwa kwa jina la mtaalamu katika daftari la taaluma baada ya kuthibitika kwamba amesoma, amefaulu na ametumikia utarajali wake. Leseni ni ruhusa ya kutoa huduma, nayo ina ukomo wa muda. Ili kuihuisha, mtaalamu hutakiwa kuonyesha kwamba amejiendeleza kwa mafunzo ya kitaaluma, kwa maana tiba ya mwaka aliohitimu si lazima iwe tiba ya leo. Baraza hilo hilo hupokea malalamiko ya wagonjwa, na lina uwezo wa kumwonya mtaalamu, kumsimamisha au kumfuta kabisa katika daftari.

Ufilipino: mlango mmoja wenye kufuli kubwa

Nchi nyingine zimejibu swali hili kwa njia tofauti, na Ufilipino inafaa kutazamwa, kwa kuwa nayo ina visiwa na vijiji vilivyo mbali na hospitali. Huko, kijana humaliza kwanza shahada ya miaka minne, kwa kawaida ya sayansi, hufanya mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo cha tiba, husoma tiba miaka minne mingine, kisha hutumikia mwaka wa utarajali. Mwishoni humngoja mtihani wa leseni wa taifa zima, unaofanyika mara mbili kwa mwaka. Una masomo kumi na mawili, kuanzia anatomia hadi sheria za tiba. Anayetaka leseni lazima apate wastani wa asilimia 75, na asishuke chini ya asilimia 50 katika somo lolote. Asiyefaulu hawi daktari, hata akiwa na shahada ya chuo gani.

Mtihani wa namna hiyo una nguvu ya haki: wahitimu wa vyuo vyote hupimwa kwa mizani moja. Lakini haumpeleki daktari kijijini. Ufilipino iliyatambua hayo mapema, na mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Ufilipino kilianzisha katika kisiwa cha Leyte shule ya afya yenye mpango wa ngazi. Jamii yenyewe humchagua kijana wake. Huanza na ukunga, akarudi kutumikia waliomtuma. Jamii ikiridhika naye, hupanda kwenye uuguzi, kisha udaktari. Wengi wa wahitimu wake wamebaki kutumikia nchi yao, jambo lisilo dogo kwa taifa ambalo wauguzi na madaktari wake huajiriwa duniani kote.

Funzo la daktari msaidizi

Tanzania ilikuwa na ngazi inayofanana na hiyo. Tabibu aliyekwisha kufanya kazi vijijini alipanda kuwa daktari msaidizi, na mikononi mwake zilipita operesheni nyingi za uzazi katika hospitali za wilaya, zikiwemo za Kanda ya Ziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, haukuona tofauti kubwa ya matokeo kati ya upasuaji wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari wenye shahada. Baadaye mafunzo hayo yalisitishwa kadiri idadi ya wahitimu wa vyuo vikuu ilivyoongezeka.

Uamuzi huo una hoja yake, kwa kuwa nchi hutamani kila hospitali iwe na daktari kamili. Lakini unaacha deni. Daktari msaidizi alikuwa mtu wa mahali pake. Alijua barabara, lugha na misimu ya watu aliowatibu. Vyuo vikuu vikitaka kulilipa deni hilo, havina budi kuwapokea kwa moyo matabibu wanaoomba udaktari, na kuwapeleka wanafunzi wao zahanati na vituo vya afya kabla hawajazoea taa za hospitali kubwa peke yake.

Mgonjwa na haki ya kuuliza

Mgonjwa ana haki ya kujua jina na cheo cha anayemtibu. Kuuliza si utovu wa adabu. "Samahani, wewe ni daktari au tabibu? Ugonjwa huu unatibika hapa, au unahitaji rufaa?" ni maswali ambayo mtaalamu mwenye leseni huyajibu bila kukunja uso. Duka la dawa muhimu lina kazi njema ya kusogeza dawa karibu na watu, lakini si mahali pa kuchomwa sindano wala kutundikiwa dripu. Anayetibu nyumbani kwa siri, asiyeandika cheti wala kumbukumbu, na anayeahidi kuponya kila ugonjwa, huyo akimbiwe, hata akivaa koti jeupe. Na mwenye shaka kuhusu huduma aliyopewa aanze kwa Mganga Mfawidhi wa kituo au ofisi ya Mganga Mkuu wa halmashauri. Jambo likiwa zito, Baraza lipo.

Mtoa huduma naye ana wajibu wake. Avae kitambulisho chenye jina na cheo, ajitambulishe kabla ya kumgusa mgonjwa, na ahuishe leseni yake kwa wakati. Tabibu anayeitwa daktari asione haya kusema yeye ni tabibu. Ujuzi wake ndio nguzo ya zahanati nyingi za nchi hii. Hakuna mtihani, usajili wala leseni inayomzidishia mtu heshima kuliko ujasiri wa kusema kwa wakati, "Hili limenizidi, twende kwa mwenye uwezo," kisha akaandika rufaa na kuhakikisha mgonjwa ameondoka.