Boriti za Kubeba na Boriti za Urembo

Siku hizi ukikaribishwa sebuleni katika nyumba nyingi mpya za Mombasa, Kilifi au Malindi, ukainua macho, utaziona boriti. Zimepangwa sambamba, zimepakwa rangi ya kahawa iliyokolea, na mgeni asiyejua atadhani zimebeba ghorofa nzima. Kumbe hazikubeba hata kunguru. Juu yake mna zege na vyuma, nazo zimetundikwa tu kama mapambo ya bibi harusi. Hizi ndizo boriti za urembo. Nataka leo tuzizungumze, ndugu msomaji, kwani jambo hili liliingia mpaka katika ukoo wangu na likakaribia kututenganisha.

MTI ULIOPIMA CHUMBA

Kwanza tukumbushane boriti yenyewe ni nini. Boriti ya kwetu ni mti wa mkoko, na wakataji wa Lamu wana jina kwa kila unene wake: kuna fito, kuna pau, kuna mazio, kisha boriti, na nguzo iliyo nene zaidi. Ni mti mzito, mgumu, na mchwa hauupendi.

Wazee wetu walizilaza boriti kutoka ukuta hadi ukuta, zikikaribiana. Juu yake wakapanga vipande vya mawe ya matumbawe, wakamwaga kokoto na chokaa, wakapigapiga mpaka sakafu ikashikana. Lakini boriti moja aghalabu haikuvuka upana wa futi tisa au kumi hivi. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Anayeuliza kwa nini msana wa nyumba ya Lamu umekwenda mrefu kama ushoroba, jibu liko juu ya kichwa chake. Mti ndio uliokipima chumba.

Mti huo haukupima vyumba vyetu peke yake. Majahazi ya Waarabu yalipokuwa yakirudi kwao na upepo wa kusi yalibeba shehena za boriti kutoka visiwa vya Lamu, na hata huko Ghuba vyumba vya zamani vikajengwa kwa kipimo kile kile. Mafuta yalipoleta utajiri, saruji na chuma vikashika nafasi ya mti, na biashara ikadhoofika. Mnamo mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti ng'ambo.

Wala isidhaniwe kwamba wazee hawakupenda urembo. Katika nyumba za wenye uwezo boriti zilichongwa pembe nne zikapakwa rangi, na kutani mkatengenezwa zidaka za kuwekea vyombo vya kauri. Lakini boriti ilibeba kwanza, ndipo ikarembwa.

MPWA WANGU NA NYUMBA YA LAMU

Mpwa wangu amejenga Kisauni, nyumba nzuri ya zege, mashallah. Sebule yake ina upana wa futi kumi na sita. Nyumba ilipokwisha, akasema haina asili, akataka boriti.

Sasa, sisi tunayo nyumba Lamu, mtaa wa Mkomani, tuliyorithi kwa marehemu baba yetu. Dada yangu mkubwa ndiye anayeikaa. Chumba kimoja cha juu hakitumiki kwa kuwa dari yake inavuja. Mpwa wangu alikwenda kumjulia hali mama yake mkubwa, akambusu mkono, wakanywa kahawa, kisha akatoa haja yake mbele yetu sote.

"Mjomba," akaniambia, "boriti za chumba cha juu hazina kazi tena. Tuzishushe nizipeleke Kisauni zitundikwe sebuleni. Angalau ukumbusho wa babu usiliwe na mvua."

Maneno yalikuwa matamu. Dada yangu akanyamaza kidogo, kisha akamjibu: "Mwanangu, hizo zikishuka, kuta zitashikwa na nani?"

Kijana alidhani ni maneno ya uzee, lakini lilikuwa swali la ufundi hasa. Katika nyumba ya mawe na chokaa, boriti hazibebi dari tu. Huzishikanisha pia kuta mbili zinazotazamana. Ukiiondoa dari, mvua huingia katikati ya ukuta, chokaa hulegea, na baada ya misimu michache jiwe huanza kuachana na jiwe. Na chini ya chumba kile ndiko anakolala dada yangu.

Kuna na mengine. Nyumba ya mirathi ina wenyewe wengi, na hapana mrithi awezaye kung'oa kipande chake akaondoka nacho bila ridhaa ya wenziwe. Tena mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na nyumba zake hazibomolewi kienyeji bila ya idhini ya Makumbusho ya Taifa.

Hata hivyo kijana alikasirika. Mama yake, dada yangu wa pili, akawa baina ya mwana na nduguye. Zikapita wiki mbili watu hawapigiani simu.

Aliyetuamua ni fundi seremala, mtu mzima wa Mombasa. Alikuja Kisauni akapima sebule, kisha akauliza boriti za Lamu zina urefu gani. Akaambiwa futi tisa na nusu. Akacheka. "Basi hazifiki," akasema. "Chumba hiki hakikupimwa kwa mti. Hapa wataka pambo, nami nitakutengenezea pambo. Zile ziache zifanye kazi yake."

NAMNA YA KUZITENGENEZA

Nilikaa na fundi huyo siku tatu nikimtazama, na kwa faida ya wasomaji nitaeleza. Boriti yake ya urembo si gogo, bali ni sanduku lenye mvungu ndani: mbao mbili za ubavuni na moja ya chini, zimeunganishwa kwa gundi na misumari zikawa kama mfereji uliofunuliwa juu. Alizipiga randa, akaziparuza kidogo zifanane na mti uliochongwa kwa shoka, akazipaka dawa ya wadudu na rangi zikiwa bado chini. Kupaka ukiwa juu ya ngazi ni kujitia rangi machoni.

Halafu alipiga mistari darini kwa uzi wa chaki. Akazima umeme wa nyumba nzima kabla ya kutoboa, maana ndani ya zege hupita nyaya. Kwenye kila mstari alifunga kipande cha mbao kwa skrubu zilizoingia barabara katika zege. Kisha sanduku likapandishwa, likakikumbatia kile kipande, na likafungwa skrubu ubavuni. Vichwa vya skrubu akavifunika kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Skrubu zote zilikuwa za shaba au chuma kisichoshika kutu, kwani hewa yetu ya chumvi hula msumari wa kawaida upesi.

Alinipa na maonyo. Dari ikiwa ya jasi, usifunge boriti kwenye jasi yenyewe, haina nguvu. Gonga utafute mbao zilizo nyuma yake ufunge hapo. Ukinunua zile nyepesi za povu gumu zilizopakwa rangi ya mti, usiziweke jikoni karibu na moto, kwani povu huwaka na moshi wake ni sumu. Angalia panga za feni zisiguse. Na dari ikiwa fupi, ziache kabisa. Zitakuinamisha kichwa nyumbani mwako.

Jambo moja lilinipendeza. Badala ya kuweka boriti nne nene zilizoachana mbali, kama za nyumba za Uingereza, aliziweka nyingi, nyembamba na za karibu karibu, na katikati akapitisha moja nene kana kwamba ndiyo izipokeayo. Ni za uongo, lakini zinasema lugha ya kwetu.

Mpwa wangu aliridhika. Fedha alizokuwa ameziweka kwa mashua na lori la kuchukulia zile za Lamu, alimpelekea mama yake mkubwa mwenyewe. Zikanunuliwa boriti mbili za mkoko zilizokatwa kwa kibali cha wenye misitu, zikatiwa mahali pa mbili zilizooza, na dari ikapakwa chokaa upya. Leo haivuji.

Sina ugomvi na pambo. Mtu akipata riziki ya halali na akapenda kuipamba nyumba yake pasi na israfu, ni haki yake. Nawaomba tu wenzangu wenye nyumba za mawe za wazee wao: msiibomoe boriti inayobeba ili mwende mkaitundike inayoning'inia. Ile ya sebuleni seremala ataifanya kwa siku tatu. Ile ya Lamu ilichukua umri wa mkoko kukua, na mikono ya watu ambao hatunao tena kuilaza. Ikivuja, izibeni.