Tuzo za wasomi wa vyuo vikuu na njia zinazozifikisha Embulbul

EMBULBUL, mtaa ulio kando ya barabara ya Ngong katika Kaunti ya Kajiado, umezungukwa na vyuo vikuu. Upande wa Karen kipo Chuo Kikuu cha Ushirika. Katika Lang'ata kipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, na ukielekea Ongata Rongai utakuta Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, kilichopata hati kamili mwaka 2002, pamoja na Adventist University of Africa, ambacho hufundisha shahada za juu pekee.

Kila msimu wa mahafali unapowadia, vyuo hivi na vingine nchini hutangaza orodha ndefu za mafanikio ya wafanyakazi wao. Huyu amepandishwa cheo kuwa profesa mshiriki, yule amechapisha makala katika jarida la ng'ambo, mwingine amepata ruzuku ya utafiti, na mwingine ametunukiwa tuzo. Mzazi anayejinyima ili kulipa karo ana haki ya kujua maana ya maneno hayo. Ana haki pia ya kuuliza iwapo mafanikio hayo yamewahi kuvuka lango la chuo na kumfikia.

Tuanze na ngazi yenyewe. Msomi wa chuo kikuu nchini Kenya huanza akiwa mhadhiri msaidizi, kisha huwa mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa kamili. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na mwaka 2014 tume hiyo ilitoa mwongozo mmoja wa kuajiri na kupandisha vyeo katika vyuo vyote, vya umma na vya kibinafsi. Mwongozo huo uliifanya shahada ya uzamifu kuwa sharti la kuwa mhadhiri, jambo lililozua mvutano mkali, kwa kuwa maelfu ya waliokuwa wakifundisha walikuwa na shahada ya uzamili tu.

Anayetaka kupanda cheo huhesabiwa alama. Zipo alama za kufundisha, za kuwasimamia wanafunzi wa uzamili na uzamifu, za kuvutia fedha za utafiti, za uongozi na za huduma kwa jamii. Lakini uzito mkubwa umo katika machapisho, yaani vitabu vya kitaaluma na makala katika majarida ambayo kila makala husomwa kwanza na wataalamu wengine wa fani iyo hiyo kabla ya kukubaliwa. Utaratibu huo una hekima yake. Mhadhiri anayedai kuwa dawa fulani inaponya hana budi kuyaweka madai yake mbele ya watu wenye uwezo wa kuyapinga, nao wakikosa kasoro, kazi yake huingia katika hazina ya elimu ya ulimwengu.

Tatizo ni kwamba alama zikishakuwa ndizo njia ya mkate, watu huzitafuta kwa kila namna. Katika miaka ya 2000 yalizuka kwenye intaneti majarida ya kitapeli, yanayochapisha makala yoyote mradi mwandishi amelipa ada. Aliyewaamsha wengi kuhusu ulaghai huo hakuwa profesa wa fizikia wala tiba, bali Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, Marekani, ambaye kwa miaka kadhaa aliweka hadharani orodha ya majarida aliyoyashuku, mpaka alipoiondoa mwaka 2017. Wakutubi wa vyuo vya Afrika Mashariki waliitumia sana orodha hiyo kuwaonya wahadhiri wao. Kwa hiyo idadi kubwa ya machapisho peke yake haimwambii mzazi mengi. Swali la maana ni yamechapishwa wapi, na kuna nani aliyeyatumia.

Kuhusu swali hilo la pili, mfano bora ni wa Profesa Miriam Were. Alizaliwa mwaka 1940 katika eneo la Kakamega, akafunza shule, kisha akaamua kusomea udaktari. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1973, na baadaye akapata shahada ya udaktari wa afya ya umma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Akiwa mhadhiri wa afya ya jamii jijini Nairobi katika miaka ya 1970, alirudi Kakamega na mradi wa utafiti uliokuwa na swali sahili: je, wanakijiji wenyewe, wakipewa mafunzo ya kadiri, wanaweza kuzuia sehemu kubwa ya maradhi yanayowapeleka hospitalini?

Lilikuwa swali zito kuliko linavyosikika leo. Wakati huo afya ilifikiriwa kuwa ni hospitali, daktari na dawa. Mradi ule ulitazama vyoo, maji safi, chanjo, lishe ya watoto na ulezi wa mimba, na ukaonyesha kwamba jirani aliyefunzwa anaweza kuyashughulikia mengi ya hayo kwa kutembea nyumba hadi nyumba. Hakuna chombo kipya kilichovumbuliwa. Kilichopatikana ni ushahidi, uliokusanywa kwa subira, kwamba watu wa kawaida ni sehemu ya mfumo wa afya na wala si wagonjwa wanaosubiri kwenye foleni tu.

Mei 2008, katika mkutano wa kimataifa kuhusu maendeleo ya Afrika uliofanyika Yokohama, serikali ya Japani ilimkabidhi Profesa Were Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi, iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza. Tuzo hiyo ina jina la mtafiti Mjapani aliyefia Accra mwaka 1928 akichunguza homa ya manjano, na huambatana na yeni milioni 100. Mshindi mwenzake, Brian Greenwood wa Uingereza, alitunukiwa kwa utafiti wake kuhusu malaria.

Nchini Kenya, wazo hilo lilichukua miaka mingi kugeuka sera. Mkakati wa kitaifa wa afya ya jamii ulizinduliwa mwaka 2006. Wahudumu wengi walifanya kazi hiyo kwa kujitolea, pasipo malipo ya uhakika, hadi Septemba 2023 serikali ilipozindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000. Kila mmoja alikabidhiwa mkoba wenye mashine ya kupimia shinikizo la damu, kifaa cha kupimia sukari, kipimajoto, utepe wa kupima mkono wa mtoto na simu ya kunakili taarifa. Mhudumu mmoja hukadiriwa kutunza kaya 100. Posho yao iliwekwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti.

Basi mhamasishaji anapobisha mlango katika Embulbul na kumpima mzee shinikizo la damu, mzee huyo anapokea matunda ya utafiti wa chuo kikuu ulioanza takribani nusu karne iliyopita. Huenda asijue. Mhamasishaji naye huenda asijue. Na katika jedwali la alama za kupandishwa cheo, safari yote hiyo ya kutoka kijijini Kakamega hadi sheria ya nchi huingia katika safu ndogo ya huduma kwa jamii.

Kazi ya Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ni mfano ulio karibu zaidi na sufuria. Alipokuwa mtoto, mwili wake haukustahimili nyama, samaki, maziwa wala mayai, kwa hiyo alikulia kwenye mboga za kienyeji. Baadaye, akiwa msomi wa kilimo cha bustani, alishangaa kuona mboga hizo zikiitwa magugu katika mafunzo ya kilimo. Alianza kuzichunguza mnavu, mchicha, kunde, sagaa na mrenda: virutubishi vilivyomo, muda wa kukomaa, na zaidi ya yote ubora wa mbegu, maana mkulima aliyetaka kuzipanda alilazimika kutumia mbegu duni zilizoota kidogo. Aliwafunza wakulima kuzalisha mbegu bora. Mwaka 2010, Umoja wa Afrika ulimtunuku Tuzo ya Kisayansi ya Kwame Nkrumah kwa wanasayansi wanawake wa ukanda wa Afrika Mashariki. Kati ya 2011 na 2013 eneo lililopandwa mboga hizo nchini lilipanuka kwa asilimia 25. Leo managu na terere huuzwa katika masoko ya mijini na katika maduka makubwa, na hakuna anayeona haya kuzinunua.

Lakini si kila mara chuo humtambua mtu wake. Wangari Maathai alipata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika kiwango hicho. Alikuwa mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo mwaka 1976 na profesa mshiriki mwaka 1977. Akiwa huko, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walipigania wahadhiri wanawake wapate marupurupu sawa na ya wanaume. Mwaka 1982 alijiuzulu ili awanie ubunge, akazuiwa kuwania, na aliporudi kuomba kazi yake alikataliwa. Akapoteza pia nyumba ya chuo. Miti aliyoanza kupanda mwaka 1977 ndiyo iliyomletea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, na mwaka 2010 chuo kilekile kilianzisha taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Anayesoma taarifa za pongezi za vyuo afaa akumbuke kwamba nyingine hufika zikiwa zimechelewa miaka 20 na zaidi.

Zipo pia tuzo zisizo na jina la mtu. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, lililoshinda Nobel ya Amani mwaka 2007 pamoja na Al Gore, lilikuwa na mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Profesa Richard Odingo, miongoni mwa manaibu wenyeviti wake. Mfugaji wa Kajiado aliyepoteza ng'ombe katika ukame ulioanza mwaka 2020 hahitaji kuelezwa umuhimu wa mada hiyo, ingawa angependa maonyo ya wataalamu yamfikie mapema na kwa lugha anayoielewa.

Taarifa hizo pia husahau kundi zima la watu: mafundi wa maabara, wakutubi, watunza mashamba ya majaribio. Makala yenye majina matano ya wasomi mara nyingi imesimama juu ya kazi ya fundi aliyelala maabarani akilinda sampuli zisiharibike umeme ulipokatika. Majina yao, yakitajwa, huwekwa katika aya ya shukrani mwishoni. Aidha, wahadhiri wenyewe wa vyuo vya umma walisusia kazi kuanzia Septemba hadi Novemba 2025 wakidai malimbikizo ya mkataba wa 2017 hadi 2021.

Kwa mkazi anayetaka kujua zaidi ya kilichomo kwenye taarifa ya pongezi, mahali pa kuanzia ni maktaba. Chuo Kikuu cha Nairobi na vingine kadhaa huweka tasnifu na makala za watu wao katika hazina za kidijitali zilizo wazi kwa umma, na huko jina la mhadhiri likiandikwa huonyesha alichokitafiti, mwaka gani na katika eneo gani. Kuzisoma nyingi hakuhitaji malipo. Kunahitaji Kiingereza, simu yenye intaneti na subira, kwani hata muhtasari wa utafiti uliofanywa Kajiado ni nadra kupatikana kwa Kiswahili au Kimaasai.