Baiskeli iliyotoweka na baba

Ni nadra siku hizi mimi kukesha na kitabu hadi jogoo wakawika. Lakini riwaya ya Wu Ming-Yi wa Taiwan, The Stolen Bicycle, ya mwaka 2015, ilininyima usingizi.

Kisa chaanza kwa jambo dogo. Soko la Chunghwa mjini Taipei lilipobomolewa mwaka 1992, mzee mmoja alitoweka pamoja na baiskeli yake. Miaka ishirini baadaye, mwanawe anaanza kuisaka baiskeli hiyo. Kila amwulizaye ana hadithi yake, na msako huo unamfikisha katika misitu ya Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ambako ndovu walibebeshwa mizigo ya wanajeshi.

Hapo nikawakumbuka wazee wetu wa KAR, waliopigana Burma hiyo hiyo mwaka 1944. Wangapi walirudi wakanyamaza? Na sisi, tuliwauliza nini?

Wu alizaliwa mwaka 1971 na kukulia katika soko lilo hilo. Kabla ya riwaya zake kuvuma aliandika juu ya vipepeo, na amefundisha fasihi katika chuo kikuu huko Hualien. Katika The Man with the Compound Eyes, ya mwaka 2011, takataka zilizojikusanya baharini mithili ya kisiwa zaigonga pwani ya Taiwan, na pamoja nazo kijana aliyefukuzwa kwao kwa kuwa ni mwana wa pili. Naam, mtupa taka hajui zitakakomea.

Kuna jambo moja lililonigusa zaidi. Katika kitabu cha baiskeli, mwandishi aonyesha kwamba jina mtu aliitalo baiskeli lafichua alikotoka: aliyesomeshwa na Wajapani, walioitawala Taiwan tangu 1895 hadi 1945, ana jina lake; mwenyeji huiita farasi wa chuma.

Mwaka 2018 mtihani huo ulimfika mwenyewe. Kitabu chake kilipoteuliwa kuwania tuzo ya Man Booker International, ubalozi wa Uchina ulilalamika, na waandalizi wakaandika kwamba atoka "Taiwan, Uchina". Wu alipinga hadharani. Mwishowe jina la Taiwan likarudishwa peke yake.

Wako watakaosema jina ni jina tu. Mimi nasema, asiyejitaja atatajwa na wengine, tena wapendavyo wao. Basi kama nyumbani kwako angaliko mzee, mwulize leo.