Wawindaji wa Aktiki si mashahidi wa lishe ya nyama tupu

Tangu lishe ya kuacha wanga ipate umaarufu, kuna swali ambalo wasomaji hawachoki kuliuliza: kama wawindaji wa kale wa Aktiki waliishi maelfu ya miaka kwa nyama na mafuta, na mioyo yao ikawa salama, kwa nini wengine wasiwaige? Wauzaji wa programu za kupunguza uzito huitumia hoja hiyo kufungia mjadala. Lakini baadhi ya wawindaji hao bado wapo. Baridi kali imehifadhi miili yao, na imepimwa.

Mwaka 1972, katika kisiwa cha St. Lawrence, Alaska, bahari ilimega ufukwe na kufichua mwili wa mwanamke aliyekufa takriban miaka 1,600 iliyopita, akiwa na umri wa miaka 50 na ushee. Michoro ya chale ilikuwa ingali ikionekana mikononi mwake. Wataalamu walipompasua walikuta vipande vya mimea ya ardhini ndani ya njia zake za hewa, dalili kwamba alifukiwa akiwa bado anapumua. Mapafu yalikuwa meusi kwa masizi, na mishipa ya moyo wake ilikuwa imeanza kujaa utando wa mafuta. Sukari ya dukani hakuwahi kuijua.

Hayuko peke yake. Mwaka 2019 jarida la JAMA Network Open lilichapisha matokeo ya CT scan ya miili ya Wainuit 4, wenyeji wa Aktiki ya Greenland, waliokufa katika karne ya 16. Wote walikuwa vijana, na 3 kati yao walikuwa na mishipa iliyokwisha kuota chokaa. Hili halitoshi kuitia nyama hatiani, kwani watu hao walivuta moshi wa taa za mafuta ya wanyama ndani ya nyumba ndogo maisha yao yote. Linatosha, hata hivyo, kuizika hadithi ya mioyo isiyougua.

Lakini hoja nzito zaidi iko kwenye ini. Mtu akikosa wanga kwa siku kadhaa, ini huvunja mafuta na kutengeneza ketoni, ambazo ubongo huzitumia sukari inapopungua. Ili asidi ndefu za mafuta ziingie ndani ya mitokondria zikaunguzwe, hutegemea kimeng'enya kiitwacho CPT1A, kinachokaa kama bawabu kwenye utando wa nje. Kwa watu wengi bawabu huyo hufunga mlango mtu anapokula wanga, kwa amri ya kemikali iitwayo malonili-CoA, na kuufungua anapokaa na njaa. Wainuit wengi na watu wa kaskazini mashariki mwa Siberia wana badiliko la herufi moja tu katika jeni ya kimeng'enya hicho. Bawabu wao ni mzito, na amri ya kufunga haimshtui sana. Mtu ashibe au ashinde njaa, mlango hubaki umefunguliwa kidogo tu, na ini hutoa ketoni chache.

Utafiti wa mwaka 2014 ulikuta badiliko hilo katika asilimia 68 ya nakala za jeni hiyo kwa watu wa kaskazini mashariki mwa Siberia waliopimwa, pamoja na alama za uteuzi asilia wenye nguvu kubwa. Jambo hilo linashangaza, maana badiliko lenyewe lina gharama: mtoto mchanga aliyelirithi kwa baba na mama anaweza kushukiwa na sukari hadi hatarini akikaa muda mrefu bila kunyonya. Maelezo mojawapo ni kwamba liliikinga damu isijae ketoni, ambazo ni tindikali, kwa watu walioishi kwa mafuta ya sili na nyangumi. Sukari ya ubongo ini liliitengeneza kutokana na protini.

Kwa hiyo watu wanaotajwa kama mfano wa kuishi kwa ketoni ndio hasa ambao mageuzi yaliwaondoa huko. Anayewauzia watu wa Mbeya au Mombasa lishe kwa jina la Wainuit ama hajasoma, ama amesoma akanyamaza.

Hata madai kwamba waliishi bila vitamini C ni uongo. Ngozi mbichi ya nyangumi ina takriban miligramu 36 kwa kila gramu 100, na ilisaidia kuwaepusha na kiseyeye.

Na vidonge vya mafuta ya samaki? Watafiti wa Denmark waliovipa sifa miaka ya 1970 walipima damu ya Wainuit, si mioyo yao. Mwaka 2015 ikabainika kwamba karibu Wainuit wote wana mabadiliko katika jeni za FADS, zinazosimamia uundaji wa asidi za mafuta mwilini, ilhali kwa Wazungu ni takriban asilimia 2 tu. Kwa hiyo kinachowafaa Wainuit huenda kisiwafae wengine.

Anayetaka kupunguza wanga apime kwanza sukari, presha na mafuta ya damu. Mwenye kisukari anayetumia insulini asianze kabla daktari hajarekebisha dozi. Wajawazito na watoto wasijaribu kabisa.