Mifugo, Nyasi na Visima vya Juba

Jina la Kismayo, au Kisimayu kama wasemavyo Wabajuni, hufasiliwa kuwa ni kisima cha juu. Jina hilo lafaa kutukumbusha jambo kubwa kuhusu malisho ya huko: penye maji ndipo mifugo hukusanyika, na mifugo ikusanyikapo, umbo la nyasi hubadilika.

Nyasi hazikui kama mti. Mti hukulia nchani, lakini chipukizi la nyasi hukaa chini, karibu na ardhi. Ng'ombe akikata majani, shina hubaki hai na kuchipua pembeni. Ndiyo maana malisho yaliwayo kwa kiasi huwa mafupi na mabichi, na yasiyoliwa kabisa hurefuka yakawa mabua makavu. Mtaalamu wa Marekani, Samuel McNaughton, alizungushia ua sehemu za mbuga ya Serengeti, Tanzania, katika miaka ya 1970. Wanyama wasipofika, nyasi ndefu zilizisonga zile fupi.

Hata hivyo, kila jambo lina kiasi chake. Nyasi zikiliwa tena kabla hazijapona, mizizi hunyauka. Nyasi za kudumu hufa, na mahali pake hushikwa na nyasi za msimu mmoja na vichaka vya miiba. Kandokando ya kisima ardhi huwa tupu. Katika ukanda wa mchanga unaotoka Kismayo hadi kupita Mogadishu, nyasi zikitoweka mchanga huanza kutembea.

Wafugaji wa Juba wana dawa yao, nayo ni kuhama. Mvua za Gu zianzapo, kwa kawaida mwezi wa Aprili, huyaacha mabonde ya mto yenye mbung'o, wakaenda nyanda za mbali. Kiangazi cha Jilaali hurudi mtoni, na nyasi walizoziacha hupumzika. Ng'ombe hula nyasi, ilhali ngamia na mbuzi hupunguza vichaka.

Mwendo huo umepata misukosuko. Vita vilivyozuka mwaka 1991 vilizitia hofu njia za kuhamia. Kisha, tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikuwa haba mfululizo, na mifugo mingi ikafa.

Kuchimba kisima ni jambo jema. Lakini wanaokichimba hawana budi kukubaliana kwanza na wafugaji: ni mifugo mingapi itakinywea, na lini itaondoka ili nyasi zichipue. Bila ya mapatano hayo, maji yatakuwapo na malisho hayatakuwapo.